Puleki

Daftari ninalo bado. Jalada lake jekundu
limekula mafuta ya cherehani na vumbi la Ruwi,
lakini ukurasa wa thelathini na moja unasomeka:
Zahor, kifua thelathini na nane, kiuno ishirini na tisa.
Muhenna, vivyo hivyo, ila mkono wa kushoto
umeuzidi wa kulia kwa nusu inchi.
Hilo tulilijua watu watatu tu duniani:
mamake, mimi, na bosi wangu Vasanji
aliyekata vitambaa huku akitafuna tambuu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka Pemba juzi,
Kiarabu changu cha chuoni hakinunui hata mkate.
Wao wakaingia dukani na harufu ya mafuta ya nywele
wakisema Kiswahili kwa sauti, hawaoni haya,
mtaa mzima unasikia.
"Tunataka ving'ae," akasema Zahor.
"Ving'ae mpaka aliyekaa nyuma kabisa afumbe macho."

Puleki elfu mbili kila koti. Nilizihesabu.
Za fedha kwa Zahor, za samawati kwa Muhenna,
moja moja, fundo kwa fundo, usiku,
esi ikikoroma kama babu aliyeshiba.

Walijiita Vioo. Na kwa miaka minne
kila mtu alitaka kujiona ndani yao.
Kanda zao zilipangwa dirishani kando ya saa za Kijapani:
moshi, mabega mapana,
mashavu yamepakwa kitu kinachometa.
Wasichana wa skuli waliificha picha ile
katikati ya kitabu cha jiografia.
Bahrain wakaitwa. Dubai wakaitwa mara tatu,
na Muhenna akarudi na gari jeupe lisilo na paa.
Gari lisilo na paa, Maskati, mwezi wa sita!
Vasanji alicheka hadi tambuu ikamtoka.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, sindano mdomoni,
nikingoja kitu kikatike.
Na kila mara kilikatika. Wakicheza, puleki zilidondoka,
za fedha zaidi kuliko za samawati,
nami asubuhi nazifagia jukwaani
nazitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Umaarufu, ukiniuliza mimi, nimeushika:
ni mwepesi, na una tundu katikati.

Kuanguka kwao hakukuwa na kishindo.
Onyesho la Kuwait, Agosti ya tisini:
makoti mapya nilikwishayamaliza,
yakabaki kwenye mfuko wa nailoni.
Kisha sidii. Kisha Zahor alitaka jina lake litangulie,
au ni Muhenna aliyetaka. Kila mmoja alinisimulia
lake, amesimama mbele yangu, mikono juu,
nami nina futi ya kupimia shingoni.

Ijumaa iliyopita, harusini Seeb,
kijana wa muziki ameinamia kompyuta yake,
mzee mmoja anakula halua peke yake.
Uso sikuutambua. Niliutambua mkono:
kifundo cha kushoto kiko nje,
cha kulia kimefunikwa.
"Kanzu hii nani kakushonea?"
"Ya kununua," akasema.
"Inaonekana."

Anauza matangi ya maji Barka.
Zahor yuko Doha, goti linamsumbua, nasikia tu,
akasema, akalitazama sahani.

Jumatatu alikuja. Vasanji keshafariki, duka ni langu.
Kifua arubaini na sita. Kiuno tukiache.
Niliandika kwa penseli, kando ya namba za zamani,
naye akaweka kidole juu ya jina la mwenzake
akakiacha hapo.

"Huyu," akasema, "kila ulipompima
alikuwa akibana pumzi.
Thelathini na moja, yule. Hakutaka unizidishie mimi sifa."

Nikatazama rafu ya juu, kopo la maziwa,
limejaa nusu.
Miaka yote hii nimelaumu uzi.